Mbele Panagonga: Majibu kwa Wenye Pikapu za Fowili

Hilux Vigo yangu inagonga mbele kushoto kwenye barabara ya mashimo. Nimebadilishiwa shokapu zote mbili, bado. (Songea)

Shokapu ndizo husingiziwa kwanza. Kabla hujatoa hela nyingine, panda tuta polepole tairi zote mbili za mbele zikipanda pamoja, kisha tafuta shimo la kuingiza tairi moja tu. Ikigonga shimoni na kunyamaza kwenye tuta, anza na linki za stabilaiza (fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia), maana stabilaiza hujipinda pale upande mmoja unapopanda na mwingine ukabaki chini.

Ikigonga kote, piga jeki chini ya mkono wa chini (ule unaotoka kwenye chesisi kushika tairi), si chini ya chesisi, tairi iache ardhi, na uweke stendi. Hapo jeki ndiyo inayobeba springi na boli jointi (kiungo cha duara kinachoshikisha tairi kwenye mkono) imepumzika, kwa hiyo ikiwa imekwisha itajionyesha. Ingiza mtaimbo chini ya tairi, inua kidogo kidogo, mwenzako akiimulika boli jointi kwa tochi. Kisha shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, mtu akanyage breki: ikitulia, ni beringi; ikiendelea kucheza, ni boli jointi. Ya chini ikichomoka, tairi hulala na usukani haukusikii tena. Gari la namna hiyo lisitoke gereji.

Na kama ulibadilishiwa bushi (mipira ya kwenye viungo vya mikono) pia, uliza zilikazwaje. Boliti za mikono zikikazwa tairi zinaning'inia, mpira hujipinda mara gari linaposhushwa, na bushi mpya huchanika mapema. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa tairi zake.

Land Cruiser pikapu yangu inalia ta-ta-ta nikikata kona kali. Makanika anasema ni difu. (Kitui)

Kwanza, fowili (tairi zote nne kuvuta) ilikuwa imewekwa, tena kwenye lami? Pikapu yako haina difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Kwenye kona tairi za mbele huzunguka njia ndefu kuliko za nyuma, mitambo inakabana, na tairi zinaruka kujinasua. Huo si ubovu. Toa fowili, itaacha.

Kama inalia hata kwenye vumbi, habu zako (vifungio vya katikati ya tairi za mbele) zitakupa jibu bure. Rudisha gia ya fowili H2 (tairi za nyuma tu), geuza habu zote mbili kwenye FREE, uendeshe. Sasa shafti, difu na propela ya mbele havizunguki. Sauti ikibaki, iko kwenye beringi, breki au usukani. Difu ya mbele haimo. Ikipotea, funga habu, weka H4 (tairi zote nne) kwenye uwanja wa mchanga, kata kona hadi mwisho huku ukivuta. Mlio wa kukatika-katika unaokuja na kona ni sivi jointi, kiungo cha shafti kinachoiwezesha tairi kuvuta huku imekata kona. Difu haijali kona sana, yenyewe huvuma kwa mwendo. Tazama pia nyuma ya tairi: grisi ikiwa imegeuka uji na kuvuja, sili ya ndani imekwisha na oili ya difu inaosha grisi ya sivi jointi.

Nikifika 60 mbele panavuma, na mvumo unapanda na mwendo. Beringi au tairi? (Dodoma)

Barabara ikiwa nyeupe, yumbisha usukani taratibu. Ukielekea kulia uzito huenda kushoto. Mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kushoto. Tairi za matope nazo huvuma, ila sauti yake hubadilika ukitoka lami kwenda changarawe. Zipeleke nyuma, mvumo ukihama nazo, umepata jibu. Ikiwa ni beringi na gari lako ni Land Cruiser ya ekseli nzima mbele (moja kutoka tairi hadi tairi), fundi aje na soketi ya milimita 54. Nati ya habu ikikazwa kwa tindo na nyundo hakuna anayejua imekaza kiasi gani, na beringi mpya itaungua.

Asubuhi inalia kwi-kwi kwenye matuta. Nipulizie oili chafu? (Mbeya)

Hapana. Oili inakula mpira. Mwagia maji bushi moja baada ya nyingine huku mtu akibonyeza boneti. Inayonyamaza ndiyo ya kubadilisha.