Siku 5 ni mapema mno

Ndugu yangu wa Jinja uliyeuliza kama bia unayopika nyumbani iko tayari, mapovu kukoma siku ya 5 hakumaanishi ujaze chupa. Bia ya shayiri si tonto, ile pombe ya ndizi ya kunywewa baada ya siku mbili tatu. Iache wiki 2. Kisha pima kwa haidromita (kifaa kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki), urudie baada ya siku 3: namba isipobadilika, hamira imemaliza kazi. Ikishuka, subiri tu. Ukiharakisha itaendelea kuchacha ndani ya chupa hadi zipasuke. Mimi zilinilipukia chupa 4 usiku mmoja, jiko likanuka wiki nzima! Ndoo ya bia ikae kivulini, nyuzi 18 hadi 22 ukiweza, maana joto la chini ya mabati huharibu ladha. Ukifika wakati wa kujaza chupa, sukari kidogo ya kuleta gesi, gramu 6 kwa lita.