C imejaa, D iko tupu, nipige window upya?

Swali: Fundi habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, natumia laptopu HP ya mtumba, Windows 10, RAM GB 8, aliyeniuzia alisema hadi diski ni GB 500. Sasa hivi C iko nyekundu, kwenye GB 97 imebaki GB 1 na pointi, Word inagoma kusevu mitihani na mashine inakokota kweli kweli. Kuna na D ya GB 367 iko karibu tupu ila sijawahi kuigusa, nilidhani ni ya mashine yenyewe. Juzi nimefuta video za sendofu ya mdogo wangu kama GB 9 na bado nyekundu haitoki. Fundi wa hapa kwetu anasema dawa ni kupiga window upya, elfu 20. Nimpe?

Jibu: Nzuri mwalimu, pole na usumbufu. Usimpe kwanza. Sio kwamba huyo fundi ni mwongo, window mpya kweli itakuachia nafasi siku ya kwanza, ila akiipiga humo humo kwenye zile GB 97 bila kubadili kitu kingine basi muhula hauishi utakuwa umerudi kwake na elfu 20 nyingine, maana shida yako sio window kuchakaa, shida ni C kukatiwa kipande kidogo halafu kila unachoshusha kinaangukia humo wakati D imekaa tu kama chumba cha wageni. Hiyo D ni yako, ni kipande kingine cha diski ile ile, itumie. Na usije ukadhani umeibiwa ukijumlisha 97 na 367 ukapata 464 badala ya 500, kiwandani GB moja wanaihesabu baiti bilioni moja kamili ila Windows inaihesabu 1,073,741,824, so diski ya 500 kwenye skrini inasomeka 465 hivi.

Sasa hizo video za sendofu, hapo ndo nimeshtuka kidogo, maana bila shaka umebonyeza Delete ukaishia hapo. Delete ya kawaida haifuti kitu mwalimu, inakihamishia Recycle Bin, na Recycle Bin ya vitu vya C inakaa ndani ya C hiyo hiyo, yani umefagia sebule ukasukumia takataka uvunguni mwa kitanda, nyumba ile ile. Ndo maana nyekundu haikutoka. Uzuri wake ni kwamba huenda video bado zipo! Fungua Recycle Bin kabla hujaimwaga, zitafute, zichague zote, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi halafu Cut, nenda D tengeneza folda, Paste. Mdogo wako hatafanyiwa sendofu nyingine. Zikishaingia D ukazifungua ukaona zinacheza, hapo sasa rudi umwage Recycle Bin.

Baada ya hapo usifute chochote mpaka ujue nini kimejaza. Watu wengi wanafuta picha tatu na nyimbo tano wakati mzigo wenyewe uko mahali hawajawahi kufika. Shusha programu inaitwa WizTree, ya bure kwa matumizi binafsi na ni ndogo haitakumalizia bando, inasoma ile orodha ya mafaili ambayo diski yenyewe inaitunza, kwa hiyo haichukui muda kukuonyesha folda zote kuanzia kubwa kuja ndogo. Kwa mashine za walimu ninazoletewa huwa naona mambo yale yale tu, Downloads imefurika pasti pepa na pdf zilizoshushwa mara nne nne, Telegram, WhatsApp, na mabaki ya Windows.

Downloads usiishie kuisafisha, ihamishe. Kwanza tengeneza folda D uiite Downloads, ndo urudi kwenye Downloads ya zamani, kitufe cha kulia, Properties, Location, Move, uchague ile folda mpya kisha ukubali ikikuuliza kuhamisha mafaili yote. Angalia sana hapo usichague D yenyewe peke yake bila folda, maana D nzima itageuka kuwa Downloads na kuitengua ni kazi ya kuumiza kichwa. Fanya hivyo hivyo kwa Documents, Pictures na Videos. Kama umewasha OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) ya kubakapu, Documents itakataa kuhama, hiyo utaizima kwanza.

Ukimaliza andika Disk Cleanup kwenye sehemu ya kutafutia, chagua C, ikifunguka bonyeza Clean up system files ili isome upya na yale mabaki ya Windows. Ukiona Windows Update Cleanup au Previous Windows installation weka tiki, ya pili hii inaweza kuwa GB 10 na zaidi, ni ile window ya zamani inabaki pale mashine ikipanda toleo na kwa kawaida inajifuta baada ya siku 10, ila ukiifuta huwezi tena kurudi toleo la nyuma. Sasa nisikilize hapa mwalimu, usiweke tiki kila kisanduku kama unasahihisha maswali ya kuchagua. Kuna matoleo ya Windows 10, kuanzia lile la 1809, yaliweka na Downloads humo kwenye orodha, na mimi mwenyewe nilishawahi kutiki zote kwa haraka kwenye mashine ya mteja, zikaenda fomu zake za maombi ya chuo alizokuwa ameskani. Nilizirudisha nusu tu. Tangu siku hiyo nasoma mstari kwa mstari hata mteja akiwa amenisimamia kichwani. Halafu ikianza kusafisha iache, kwenye hadi diski ya kuzunguka inaweza kuchukua hata saa zima ikionekana kama imeganda, usiizime.

Telegram, nenda Settings, Advanced, Manage local storage, ufute kashe (mafaili ya muda), meseji zako haziguswi zipo kwenye seva zao. Pia ndani ya Downloads kuna folda inaitwa Telegram Desktop, inajaza kila kitu kinachojishusha chenyewe kwenye magrupu. WhatsApp ya kwenye kompyuta ni mbishi kidogo, mafaili yake yanajificha ndani ya folda iliyofichwa inaitwa AppData, namna nyepesi ni Settings ya Windows, Apps, WhatsApp, Advanced options, Reset, kisha unaiunganisha upya na simu kwa kuskani. Ila kama kuna marksheet ulifungulia humo ukaihariri hukuisevu kwingine, itoe kwanza.

Kuna na faili kubwa WizTree itakuonyesha linaitwa hiberfil.sys. Hilo ni la ile hali ya Hibernate, mashine inapozimika huku inakumbuka ulichofungua, kwa kawaida linakula kama asilimia 40 ya RAM, so kwako ni GB 3 na kidogo. Kama hutumii Hibernate fungua Command Prompt kwa Run as administrator, andika powercfg /h off, Enta, limekwenda. Hasara yake mashine itachelewa kidogo kuwaka, ukijuta unaandika on badala ya off. Mwenzake pagefile.sys muache, huyo anasaidia RAM ikizidiwa. Na folda ya WinSxS, ya Windows yenyewe, hata ukiiona na GB ngapi usiingie kufuta kwa mkono, utakuwa umempa yule fundi elfu 20 kwa hiari yako. Zile programu za kusafisha zinazojitangaza kwenye kila saiti sikushauri pia, hata CCleaner yenye jina kubwa mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza virusi kwenye toleo lake halali.

Fanya hayo yote, nategemea utapata GB 20 kwenda juu. Ikija pungufu, ndo tunaenda kuipanua C, na hapa wengi wanakwama, wanaingia Disk Management (sehemu ya Windows ya kugawa diski) wanapunguza D halafu Extend Volume ya C inabaki ya kijivu haibonyezeki. Sababu ni kwamba ukipunguza D nafasi inatokea mwisho wake, kulia, na C inachukua tu nafasi iliyogusana nayo. Kwako kwa kuwa D iko karibu tupu, kopi vyote vya D kwenye hadi diski ya nje, fungua mafaili kadhaa kuhakikisha, ndo ufute D, upanue C ifike hata 200, na inayobaki uitengeneze D tena. Kisha rudisha folda na mafaili yako pale pale, maana Downloads na Documents sasa zinaitafuta D. Chaja iwe imechomekwa na betri imejaa, umeme ukikatika katikati usijute. Na usikopi kwenye zile flashi za TB 2 zinazouzwa bei ya chipsi kuku, nyingi ni za GB chache zimedanganywa tu namba, faili linaonekana limeingia kumbe hamna kitu.

Kuhusu kukokota, baada ya kusafisha utaona nafuu lakini usitegemee miujiza. Fungua Task Manager, Performance, angalia Disk imeandikwa HDD (hadi diski ya kuzunguka) au SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi). Kama ni HDD, hiyo elfu 20 tia kwenye kibubu cha SSD, na siku ukiileta mwambie fundi yeyote asiikate C chini ya GB 150.