Sindano ya Tezi Ikikuachia Jibu la Katikati

Kazi yangu ni kusoma vipande vya tezi dundumio, ile tezi ya shingoni, kwa hadubini, na wagonjwa wanaoniumiza moyo zaidi ni wale wanaokuja na karatasi iliyoandikwa daraja la 3 au la 4 la Bethesda, mfumo wa madaraja sita wa kupanga seli za tezi zilizovutwa kwa sindano. Daraja la 2 si saratani, la 6 ni saratani. Hapo katikati watu hukosa usingizi.

Tatizo ni hili. Uvimbe salama wa folikuli, yaani vifuko vidogo vinavyounda tezi hii, na saratani yake huwa na seli zinazofanana mno. Kinachozitenganisha ni kama seli zimetoboa ganda la uvimbe au zimeingia kwenye mishipa ya damu, na sindano huvuta seli tu, ganda hubaki shingoni.

Kwa hiyo tunatafuta protini. Tunaziwekea seli kingamwili, na protini ikiwepo panageuka kahawia. Tatu tunazozitegemea ni galektini-3, HBME-1 na CK19, ambazo saratani ya papilari, aina ya saratani ya tezi inayotokea zaidi, huwa nazo kwa wingi. Usimkubali mtu anayekuhukumu kwa moja peke yake! CK19 hujitokeza hata kwenye tezi yenye ugonjwa wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe, na galektini-3 nayo huweza kufanya hivyo. Zote tatu zikikolea, shaka ya saratani inakuwa nzito. Zikikosekana zote, shaka inapungua lakini haiishi, kwa sababu baadhi ya saratani za folikuli hazizionyeshi. Kingamwili ya BRAF V600E, inayotafuta protini iliyobadilika kwa kasoro ya jeni, ni ya aina yake: ikishika sawasawa, karibu kila mara ni papilari, ila isiposhika haikusafishi.

Basi kabla hujachomwa sindano, mwombe daktari seli zinazobaki zitengenezewe bloku ya nta, yaani zigandishwe ndani ya nta ili zikatwe vipande vingi vyembamba. Nasisitiza hili kuliko yote, maana seli zikiishia kwenye slaidi mbili tatu, mara nyingi hatubaki na cha kupimia protini, na unarudi kuchomwa upya.

Pesa yako usiimalizie kwenye kipimo cha damu cha thairoglobulini, protini inayotengenezwa na tezi hii, ukitafuta saratani. Goita ya kawaida huipandisha vilevile. Faida yake kubwa huja baada ya tezi yote kuondolewa, kufuatilia kama ugonjwa umerudi. Kalsitonini, homoni ambayo saratani ya medula huitoa kwa wingi, ni jambo jingine: kama kwenu kuna aliyewahi kuugua saratani hiyo ya tezi, ambayo huweza kurithiwa, mwambie daktari mapema.

Na kama ulifanyiwa upasuaji kabla ya 2016, ukaambiwa ni papilari ya aina ya folikuli iliyo ndani ya ganda, isiyopenya popote, omba slaidi zako zisomwe tena. Mwaka huo wataalamu wa nchi mbalimbali waliupa uvimbe wa namna hiyo jina jipya, NIFTP, wakaliondoa neno saratani. Si kila mmoja atabadilishiwa jibu, kwani ganda lote linapaswa kukaguliwa, lakini una haki ya kuuliza.