Swali la lugha: Kebo, waya, na tofauti ya biti na baiti

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Nina duka la vifaa vya ofisi hapa Mwanga, Kigoma. Nataka kubandika ukutani karatasi yenye maneno haya: "Tunauza waya za Taipu C, kasi megabaiti 480 kwa sekunde." Mwanangu anasema sentensi hiyo ina makosa matatu, lakini ameniambia moja tu. Naomba unisaidie.

Jibu: Marahaba, mama. Mwanao amesema kweli. Makosa mawili ni ya kuchagua na kupatanisha maneno, na la tatu ni la kipimo, nalo ndilo litakalomwumiza mteja wako.

Neno "waya" lilitoka katika Kiingereza, lakini lilipoingia kwetu lilifuata mkondo wa maneno yaliyofanana nalo kwa sura, kama wayo na nyayo. Kwa hiyo waya umekatika, nyaya zimekatika. "Waya za" husikika sana mitaani, lakini katika tangazo lililoandikwa haipendezi. Hata hivyo, usikimbilie kuandika "nyaya za", kwa sababu unachouza wewe ni kebo, yaani fungu la nyaya ndani ya ganda moja. Ukichana kebo ya kawaida ya USB 2.0, yaani toleo la pili la mfumo wa USB wa kuunganisha vifaa na kompyuta, utakuta nyaya nne: mbili za kupitisha umeme, ambazo kwa desturi huwa na rangi nyekundu na nyeusi, na mbili za kupitisha data, kijani na nyeupe. Zipo kebo za bei rahisi zenye nyaya mbili za umeme peke yake. Mteja akiichomeka, simu itajaa chaji vizuri, lakini kompyuta haitaiona kabisa, naye atarudi dukani akidai kwamba kebo ni mbovu, kumbe ni nzima ila nyaya za data hazimo.

Kosa la pili ni kuita kebo nzima kwa jina la ncha yake. C ni jina la umbo la kiunganishi, lile lenye ncha za mviringo lisilo na juu wala chini, ambalo vipimo vyake vilitolewa mwaka 2014. Umbo hilo halisemi lolote kuhusu kasi. Kebo mbili zenye kiunganishi hicho hicho zinaweza kulala pamoja kwenye kabati lako, moja ikipitisha megabiti 480 kwa sekunde na nyingine gigabiti 10, na jicho lisione tofauti. Ni kama behewa kukaa sawasawa juu ya reli: upana wa reli unakuambia kwamba behewa litaingia, haukuambii treni itakwenda mwendo gani kutoka Tabora hadi Kigoma.

Wako wanaoita kiunganishi "kichwa". Neno lenyewe ni zuri, lakini madukani kichwa cha chaja ni kile kidude kinachoingia kwenye soketi ya ukutani, kwa hiyo mteja atachanganyikiwa. Nashauri tuseme kiunganishi kwa upande wa kebo na tundu kwa upande wa kifaa. Kitendo tayari tunacho, tena kwa uzuri unaonifurahisha kila mara: kuchomeka na kuchomoa, jozi iliyojengwa kama bandika na bandua, funika na funua.

Sasa kosa la tatu. Biti na baiti, vipimo vya wingi wa data, zimetenganishwa na irabu moja tu, lakini baiti moja ni biti nane. Kasi ya USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, ni megabiti 480 kwa sekunde. Ukigawa kwa nane unapata megabaiti 60, na hicho ni kikomo cha kwenye karatasi, kwani sehemu ya njia hutumika kwa mawasiliano ya vifaa vyenyewe. Mteja mwenye filamu ya gigabaiti 6 akisoma tangazo lako atategemea kuihamisha kwa sekunde 12 na nusu. Kwa kweli atahitaji sekunde 100, tena kama kila kitu kitakwenda bila hasara yoyote, jambo ambalo halitokei. Naamini kosa hili limeota mizizi kwa sababu ya bando: tumezoea kununua MB, na bando hupimwa kwa baiti, kwa hiyo kila kipimo kinachoanza na M tunakitamka kama ndugu yake. Lakini kasi ya kebo na ya mtandao kwa kawaida hutajwa kwa biti. Tazama pakiti kwa makini: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Katika Kiswahili cha maandishi ni salama zaidi kuandika neno zima, kwa kuwa mchapaji wa vibandiko anaweza kukuza herufi zote bila kujua kwamba amezidisha kasi mara nane.

Karatasi yako basi isomeke hivi: "Tunauza kebo za USB zenye kiunganishi cha C, kasi hadi megabiti 480 kwa sekunde." Zile zenye nyaya mbili zitenge kwenye kisanduku chake, uandike juu yake "Kebo za kuchajia tu."