Sensa ya hewa ipimwe kabla ya kubadilishwa

SWALI: Ndugu mhariri, nina Nissan 200SX ya mwaka 1995 yenye injini ya SR20DET iliyofungwa turbo (pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini). Tangu mwezi uliopita sailensa yake (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, nikiachia mafuta ili nibadili gia inatoa moshi mweusi, na mara nyingine inazimika ninapokaribia kusimama. Fundi amenishauri ninunue sensa mpya ya hewa. Katika kipindi hicho hicho nilifunga ile valvu yenye mlio, inayotoa upepo wa turbo nje. Je, kuna uhusiano?

JIBU: Uhusiano upo, na nadhani umekaribia kujijibu mwenyewe. Sensa ya gari lako ina waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme; hewa inayopita huupoza, na kwa kuangalia kiasi cha umeme kinachohitajika kuurudisha kwenye joto lake, kompyuta ya injini hujua uzito wa hewa iliyopita na kuziamuru injekta zitoe petroli inayolingana nayo. Sensa hiyo imewekwa kabla ya turbo. Kwa hiyo hewa unayoitupa nje kwa valvu imekwisha kupimwa, na petroli yake itamwagwa vilevile ingawa hewa yenyewe haikufika kwenye silinda. Huo ndio moshi wako mweusi. Unganisha tundu la valvu kwa bomba hadi kwenye mpira ulio kati ya sensa na turbo, kama gari lilivyotoka kiwandani. Mlio utaukosa, lakini gari litatulia.

Dalili zikibaki, kagua mipira yote na klampu zake kuanzia kwenye sensa hadi kwenye injini kabla ya kugusa kitu kingine. (Niliwahi kununua sensa mbili kwa ajili ya klampu moja iliyolegea, na sioni aibu kulisema.) Mpasuko ulio baada ya turbo husumbua sana kwa sababu huleta makosa mawili yanayopingana: injini ikiwa sailensa hewa isiyopimwa huingia na mafuta huwa pungufu, ilhali turbo ikisukuma, hewa iliyopimwa hutoka na mafuta huwa mengi kupita kiasi.

Baada ya hapo ndipo sensa yenyewe ipimwe. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, multimita (kipima umeme) kwenye waya wa ishara, unaopeleka usomaji wa sensa kwenye kompyuta, isome chini ya volti 1. Injini ikiwa sailensa isome kidogo zaidi ya hapo, kisha ipande bila kurukaruka kadiri unavyokanyaga mafuta. Gonga kasha la sensa taratibu kwa mpini wa bisibisi huku injini ikinguruma. Ikishtuka au kuzimika, huenda viungo vya risasi ndani ya sensa vimepasuka, ugonjwa wa kawaida katika sensa za Nissan za umri huo, na fundi wa elektroniki anaweza kuvichomelea upya bila wewe kununua chochote. Usipuuze uchafu pia. Filta za pamba zinazopakwa mafuta, zikipakwa mengi, huacha utando juu ya waya. Sensa ikawa inasoma hewa pungufu mzigo unapokuwa mkubwa, yaani mafuta yanapungua wakati ule ule injini inapoyahitaji zaidi. Tumia dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa za hewa, si ya kusafishia kabureta, usiuguse waya kwa kitambaa wala pamba, na uiache ikauke kabisa kabla ya kuunganisha soketi.

SWALI: Gari langu la turbo la miaka ya 1990 lina sensa yenye kipenyo cha milimita 65, nami nalenga hospawa 300. Nimeshauriwa nifunge ya milimita 80. Je, nitahitaji kuprogramu kompyuta, au kile kisanduku cha kurekebisha ishara kinatosha?

JIBU: Kadirio linalotumika sana ni gramu 0.8 za hewa kwa sekunde kwa kila hospawa, kwa hiyo unatafuta sensa inayoweza kusoma gramu 240 kwa sekunde na kubakiza nafasi kabla ya kufika volti 5, ambako kompyuta haioni tena ongezeko lolote. Ukitoka milimita 65 kwenda 80, eneo la mdomo huongezeka kwa takriban nusu. Tukichukulia kwamba waya ni wa aina ile ile, kompyuta isiyojua mabadiliko hayo itatoa theluthi mbili tu ya petroli inayotakiwa.

Kisanduku kinaweza kuficha kosa hilo, lakini mimi sikipendi. Kompyuta nyingi za wakati huo hutumia ishara hiyo hiyo ya sensa kukadiria mzigo wa injini na kuchagua taimingi ya cheche, yaani wakati wa kuwasha petroli. Ukiipunguza ishara ili injekta kubwa, zinazofungwa mtu anapotafuta nguvu zaidi, zisimwage kupita kiasi, kompyuta itadhani mzigo ni mdogo na kuwahisha cheche, na injini ya turbo itaanza kugonga hadi pistoni ziharibike. Iprogramu kompyuta kwa jedwali la usomaji wa sensa uliyonunua. Wala usichukue kubwa kuliko mahitaji yako, kwa maana kwenye sailensa hewa ni kidogo na sensa pana huisoma kwa shida. Ifunge kwenye bomba lililonyooka, mbali na kona na mdomo wa turbo, ambako hewa huzunguka na kuupotosha usomaji.

SWALI: Mazda MX-5 yangu ya mwaka 1990, yenye injini ya lita 1.6, inawaka kisha inazima mara moja. Nimepuliza dawa ya sensa bila mafanikio.

JIBU: Sensa yako haina waya wa moto, ina kibati kinachosukumwa na hewa dhidi ya springi. Ndani yake kuna swichi ya pampu ya petroli, inayopitisha umeme pale kibati kinapofunguka. Kikikwama, au swichi ikichakaa, stata itaendesha pampu na injini itawaka, lakini ukiachia ufunguo pampu itakata. Toa mpira wa hewa, sukuma kibati kwa kidole huku swichi ikiwa imewashwa, na usikilize kama pampu inalia. Springi usiiguse.