Binti anatishiwa picha zake zitasambazwa

Pole, mama wa Mikindani. Nimekuelewa: binti wa miaka 12 katuma picha kwa mtu aliyemjua TikTok, sasa anatishiwa zitasambazwa asipotuma nyingine.

Usifute chochote. Piga picha za skrini zionyeshe jina la akaunti, namba, tarehe na vitisho. Ndipo umripoti na kumbloku. Ukianza kumbloku, anaweza kubadili jina ukabaki mikono mitupu. Usilipe hata shilingi: akionja, atarudi. Fimbo weka kando, mtoto akiogopa atakuficha yaliyobaki. Picha zenyewe usimrushie yeyote, hata shangazi yake. Peleka simu Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Namba 116, ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure. Akizungumzia kujidhuru, hospitali siku hiyohiyo.

WhatsApp, ingia Mipangilio, Faragha, kisha Vikundi. Ruhusu waliomo kwenye orodha ya majina tu kumwingiza kundini. TikTok masharti yake ni miaka 13, kwa hiyo ifutwe, ila polisi wakishaona. Na msimu wa korosho mkishinda shamba, simu msimwachie.