Mwanangu, kuhusu ule ubishi wenu wa barafu

Mwanangu,

Marahaba. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ile unayosema huko Edmonton kazini mnabishana, kwenye hoki ya barafu ya kulipwa kikubwa ni ubabe au ufundi, na wewe ukawaambia ngoja nimuulize mama alicheza netiboli. Nimecheka mpaka mdogo wako katoka chumbani kuuliza kuna nini. Sie huku Temeke barafu tunazozijua ni za ubuyu.

Ila klipu zako nimeziangalia zote, bando la wiki limekatika Jumanne. Msimamo wangu unaujua toka uko shule: ufundi kwanza. Huyo Gretzky aliyecheza hapo mjini kwenu hana hata mwili, kafunga magoli 894 ya ligi, sasa ngumi ingemsaidia nini? Na hao Philadelphia waliobeba kombe 1974 na 1975 kwa kuchapa watu, 1976 si wamekutana na Montreal fainali wakapigwa mechi zote nne. Na hata hao, mdogo wako kanisomea, walikuwa na Bobby Clarke na yule kipa Bernie Parent, mafundi wa kweli. Wababe watupu wasingebeba kitu. Ufundi kwanza.

Lakini kuna kitu umekisema juu juu tu kikanikaa. Kwamba Gretzky alikuwa na jitu pembeni, Semenko, ukimgusa fundi unamalizana nalo, na alipouzwa Los Angeles 1988 akaondoka na mbabe mwingine, McSorley. Hapo nikamkumbuka mama mkubwa wako wa Keko.

Unajua tulicheza wote timu ya kiwanda, mimi GA yeye GS, wafungaji wawili wa timu, ila hujui alivyoachwa kwenye timu. Mwili ule ule unaoujua, anasimama chini ya goli kama kabati, na kufunga hafungi, mipira mitano anakosa minne. Mimi ndo nilikuwa nafunga. Kikaitwa kikao, mwalimu akauliza GS asiyefunga wa nini, wote wakaniangalia mimi shoga yake. Nikasema ufundi kwanza. Ndo siku ya kwanza kulisema hilo neno, mwanangu.

Fainali tukaingia na msichana mwingine, fundi haswa, mazoezini hakosi. GK wao, mlinda goli, akaanza kunipiga viwiko, refa anapuliza, tunapewa penati, tunafunga, kiwiko kingine. Mara ya tatu kidole hiki. Kile ulichokuwa unakivuta ukitaka kulala, nikakwambia kilibanwa na mlango wa daladala. Nilidanganya. Hakikunji mpaka leo, chapati nasukuma na vidole tisa.

Na aliyenipeleka hospitali ni nani? Huyo huyo mama mkubwa wako, alikuja kutazama, kakaa kwenye majani na chupa yake ya chai. Njia nzima hajasema neno. Miaka yote hii hajasema!

Sasa mimi najiuliza, mbona alipokuwepo hakuna aliyenigusa, na yeye hajawahi kumpiga mtu? Alikuwa anasimama tu anawaangalia. Huo ni ubabe? Au na wenyewe ni ufundi, kujua pa kusimama? Hao wa kwenu angalau wanarushiana makonde halafu wanakaa kibanda cha adhabu dakika 5, kila mtu kaona kazi yao. Yake nani aliihesabu, hata mimi sikuihesabu.

Waambie wenzio mama kasema ufundi... hapana, usiwaambie kitu kwanza. Jumapili nampelekea vile vitenge ulivyotuma, nitamwonyesha klipu ya Semenko nione atasema nini.

Vaa soksi mbili.

Mama yako